Hewa ya Ziwa na Kabureta Yako

Ukinunua injini ya boti iliyotumika Dar es Salaam au Tanga, ukaipakia kwenye basi na kuishusha Mwanza, ujue umeipandisha mlima. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya Bahari ya Hindi. Maji yanatudanganya: tunaona ufukwe, mitumbwi na mawimbi, tunadhani tuko usawa wa bahari. Injini haidanganyiki. Inaanza kutoa moshi mzito, plagi zinalowa, mafuta yanakwisha kabla ya Ukerewe, na mwenye boti anaambiwa kabureta ni ndogo, anunue kubwa zaidi.

Usinunue bado. Soma kwanza, kisha ushike bisibisi.

Kwa nini injini inalalamika

Shika jambo moja, mengine yote yatafuata: kabureta hupitisha hewa kwa ujazo, lakini injini hula hewa kwa uzito.

Chukua debe moja la hewa ya Tanga na debe moja la hewa ya Mwanza. Madebe ni sawa, hewa si sawa. Pwani, hewa inatukandamiza kwa takriban paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Hapa kwetu ni kama paundi 12.8. Kwa hiyo, joto likiwa sawa, mahali ambapo injini ingevuta kilo 100 za hewa pwani, hapa inavuta kama 87. Silinda ni ile ile, pistoni ni ile ile, ila chakula kimepungua.

Petroli nayo? Hewa nyepesi ikipita kwenye koo la kabureta hufyonza mafuta kwa nguvu ndogo, hivyo mafuta yanapungua pia, lakini yanapungua karibu nusu tu ya hewa ilivyopungua. Ndiyo maana mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 6. Hiyo asilimia 6 unaweza kuirekebisha kwa jeti. Nguvu iliyopotea kwa sababu ya hewa kuwa nyepesi, karibu sehemu moja ya nane, hakuna jeti wala kabureta itakayoirudisha. Kinachoweza kuirudisha ni kuisukumia injini hewa kwa lazima, yaani supachaja, na hiyo nitaieleza mbele.

Tufanye hesabu ya injini ambayo wengi wetu tunayo, ya mipigo miwili, zile za kuchanganya oili kwenye petroli. Yamaha Enduro ya farasi 15 ina ujazo wa sentimita za ujazo 246. Ikizunguka mara 5,500 kwa dakika, na kwa kuwa inavuta hewa kila mzunguko, ujazo wake ni lita 1,353 kwa dakika. Kwa kweli haijazi silinda kikamilifu. Ukikadiria robo tatu, unapata kama lita 1,000. Sasa tazama: hizo lita 1,000 ni zile zile Tanga, na ni zile zile Mwanza. Koo la kabureta lililotosha pwani linatosha ziwani. Ukiweka koo kubwa zaidi, hewa inapita polepole, inashindwa kufyonza mafuta vizuri resi zikiwa chini, na injini inakuwa nzito kuondoka gatini.

Kabla ya kugusa kabureta

Matatizo mengi yanayoletwa kwa jina la kabureta si ya kabureta. Fuata mpangilio huu, usiruke hatua.

1. *Mafuta na oili.* Mwaga mafuta ya zamani. Changanya upya kwa kipimo cha kitabu cha injini yako. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, lita 20 za petroli zinataka mililita 400 za oili. Kama ni 25 kwa 1, ni mililita 800. Tumia chupa yenye alama. Kifuniko cha chupa si kipimo.

2. *Kompresheni.* Toa plagi zote, fungua eksileta yote, vuta kamba mara kadhaa, soma geji. Hapa kuna mtego. Namba za vitabu huchukuliwa usawa wa bahari. Injini inayosoma paundi 120 pwani itasoma kama 105 hapa Mwanza, na ni nzima kabisa. Nimeona silinda zikichongwa upya bila sababu kwa ajili ya tofauti hii. Linganisha silinda kwa silinda: zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, hapo ndipo pana kazi.

3. *Ridi na gasketi.* Ridi ni vile vijibati vyembamba kama ulimi, vinavyoruhusu hewa kuingia kwenye chumba cha krenki na kuizuia isirudi. Chumba hicho ndicho pampu ya injini ya mipigo miwili. Ridi ikipasuka au ikikosa kukaa sawa, utaona petroli inatemwa nje mdomoni mwa kabureta. Hakuna jeti itakayotibu hilo. Kwa gasketi, paka grisi nzito kuzunguka kiungo cha kabureta injini ikiwa silensa (resi za chini kabisa). Sauti ikibadilika, hewa inaingia pasipotakiwa. Usipulizie petroli kutafuta uvujaji. Watu wameungua hivyo.

4. *Njia ya mafuta.* Boti ikiwa mbio, mwenzako abonyeze pampu ya mkono ya paipu la mafuta. Injini ikichangamka, pampu ya mafuta au paipu ndiyo yenye shida.

5. *Pangaboi.* Hatua hii wengi hawaifanyi kabisa. Injini yako imepoteza nguvu kwa sababu ya mwinuko, lakini bado inasukuma pangaboi lililochaguliwa pwani. Ni sawa na kupanda kilima cha Bugando kwa gia ya tatu. Injini inakandamizwa, haifiki resi zake, plagi zinakuwa nyeusi, na lawama inaangukia kabureta. Funga takometa, pakia boti mzigo wake wa kawaida, fungua eksileta yote. Injini nyingi za aina ya Enduro zinatakiwa kufika kati ya mizunguko 4,500 na 5,500. Ikikomea chini ya 4,500, tafuta pangaboi lenye mwendo (pichi) mfupi zaidi. Kila inchi moja ya mwendo unayopunguza huongeza kati ya mizunguko 150 na 200.

Kwa uzoefu wangu, wengi huishia hatua hii ya tano na kurudi kazini. Kama plagi zako zinatoka na rangi ya kahawia, kama chai ya rangi iliyokolea, jeti ziache zilipo.

Kusoma plagi

Asubuhi moja alikuja mezani kwangu mvuvi wa dagaa na injini yake ya farasi 15, imetoka pwani wiki tatu nyuma. Plagi zote mbili zilikuwa nyeusi, mbichi, ukizigusa zinaacha masizi ya mafuta kidoleni. Nikafungua kabureta, nikatoa jeti kuu. Namba yake ilisomeka vizuri. Lakini nilipoishika pamoja na jeti mpya ya namba ile ile, nikazielekeza kwenye mwanga wa dirisha, tundu moja lilikuwa duara safi na jingine lilikuwa limechanika upande kama mdomo wa birika. Mtu aliizibua kwa waya. Pale kulikuwa na makosa mawili yaliyopandana, mwinuko na waya, na mwenye injini alikuwa amelipa petroli ya wiki tatu kwa ajili ya tundu hilo.

Plagi ya kuaminika ni ile iliyotolewa mara baada ya mbio. Fanya hivi, mchana, kwenye maji matulivu, mko watu wawili au zaidi:

1. Weka plagi mpya za aina iliyoandikwa kitabuni.
2. Pasha injini moto, kisha endesha eksileta yote kwa dakika mbili hadi tatu ukiwa na mzigo.
3. Zima kwa kuvuta kamba ya usalama bila kupunguza resi kwanza.
4. Acha injini ipoe kidogo, toa plagi, tazama kauri inayozunguka ncha ya katikati.

Kahawia ni nzuri. Nyeusi na mbichi maana yake mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa, au yenye vitone vidogo vinavyong'aa, simama hapo hapo: mafuta ni machache na vile vitone ni pistoni yako inayoyeyuka.

Usifanye jaribio hili kwenye pipa la maji gereji. Injini haina mzigo mle, na kuikimbiza kwa nguvu zote kwenye pipa ni kuiua.

> TAHADHARI
> – Koti la kuokolea maisha kwa kila aliyemo, hata kama ni "hapo hapo tu".
> – Makasia mawili na simu iliyofungwa kwenye mfuko usioingiza maji.
> – Kizimamoto karibu na mkono, si chini ya nyavu.
> – Unapofungua kabureta, karabai na sigara zikae mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutulia chini ya boti ukisubiri cheche.
> – Usijaribu jeti usiku.

Kubadilisha jeti

Kama pangaboi ni sahihi, ridi ni nzima, na plagi bado ni nyeusi, sasa ni zamu ya jeti kuu.

Namba iliyochongwa kwenye jeti ina maana mbili kutegemea mtengenezaji. Kwenye kabureta nyingine ni kipenyo cha tundu, kwenye nyingine ni kiasi cha mafuta kinachopita. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu ujazo unaopita hufuata mraba wa kipenyo.

> HESABU YA HARAKA KWA USAWA WA ZIWA
> Jeti ya pwani ni 150.
> Kama namba ni kiasi cha mafuta: 150 × 0.94 = 141. Tafuta 140 au iliyo karibu kwa juu.
> Kama namba ni kipenyo: 150 × 0.97 = 145.5. Tafuta 145 au iliyo karibu kwa juu.
> Hujui ni ipi? Muulize wakala wa injini yako. Ukishindwa kupata jibu, shuka namba moja tu.

1. Funga mafuta, toa kabureta, mwaga mafuta ya bakuli kwenye chombo, wala si ziwani.
2. Toa jeti kwa bisibisi inayojaa mfereji wake. Shaba ni laini. Bisibisi nyembamba inaichubua na kesho haitoki.
3. Safisha kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Kama kuna uchafu uliogoma, pitisha uzi wa nailoni mwembamba, ule wa ndoana. Nailoni haiwezi kukwaruza shaba. Waya, sindano na mwiba wa chuma viache mezani.
4. Angalia kimo cha floti kwa kipimo cha kitabu. Floti ikikaa juu mno, mafuta yatazidi hata ubadilishe jeti kumi.
5. Weka jeti ndogo kwa namba moja. Usiruke namba mbili.
6. Rudi majini, rudia jaribio la plagi.
7. Ukishapata kahawia, simama hapo. Usitafute kahawia nyepesi zaidi kwa tamaa ya kubana petroli.

Nakusihi kuhusu hatua ya saba. Kwenye injini ya mipigo miwili, oili inaingia ndani ya petroli. Ukipunguza petroli umepunguza na oili. Jeti ndogo mno inaleta mambo mawili kwa pamoja, joto kuzidi na ulainisho kupungua, na injini hukamata ghafla katikati ya maji, wala haikupi onyo la moshi.

Na kuna jambo la usiku ambalo mafundi wa mchana hatulioni. Wavuvi wa dagaa hutoka giza likiingia na kurudi alfajiri. Hewa ya nyuzi 18 alfajiri ina uzito wa kama asilimia 4 zaidi ya hewa ya nyuzi 30 ya mchana. Jeti uliyoipangilia saa nane mchana, jua likiwa kali, itakuwa na mafuta pungufu kidogo saa kumi na moja alfajiri, boti ikiwa imejaa na injini inasukuma kwa nguvu zote. Kwa hiyo jaribio la mwisho lifanye asubuhi mapema, mara kukipambazuka. Kati ya namba mbili zinazokuchanganya, chukua kubwa. Plagi nyeusi kidogo inasafishika kwa brashi.

Ukiwa na supachaja

Ni wachache hapa ziwani, lakini wapo wanaoleta injini za mipigo minne za petroli, zile kubwa za silinda nane kutoka Marekani, kwa ajili ya boti za mwendo kasi, na wanataka kuziongezea kipulizia hewa. Maelezo haya hayazihusu meli na boti kubwa za dizeli zenye tabo, kwa kuwa hazina kabureta.

Chukua injini ya lita 5.7 inayozunguka mara 4,800. Ya mipigo minne huvuta hewa mzunguko mmoja katika kila miwili, hivyo 5.7 × 2,400 ni lita 13,680 kwa dakika. Ikijaza asilimia 85, unapata kama 11,600. Kabureta za Kimarekani hupimwa kwa futi za ujazo kwa dakika. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Kwa hiyo injini hii bila supachaja inatosheka na kama 410.

Ukiongeza supachaja, zidisha kwa uwiano wa mgandamizo. Paundi 6 za geji pwani ni (14.7 + 6) ÷ 14.7, yaani 1.41, na hitaji linafika kama 580. Hapa Mwanza paundi hizo hizo 6 ni (12.8 + 6) ÷ 12.8, yaani 1.47, na hitaji ni kama 605. Hizi ni namba za juu kabisa. Hewa ikisukumwa hupata joto na kutanuka, hivyo injini itavuta pungufu ya hapo. Kabureta ya 650 inafaa. Ya 850, ambayo utauziwa kwa kuwa "kubwa ndiyo nzuri", haifai.

Lakini supachaja ya mkanda haijui paundi. Yenyewe inahamisha ujazo kila inapozunguka, kama ndoo kisimani. Ukileta injini yenye puli ile ile iliyotoa paundi 6 Dar es Salaam, hapa geji itasoma kama 5.2. Hakuna kilichoharibika. Ujazo unaopita kwenye kabureta ni ule ule, uzito ndio umepungua, na jeti zinataka kushuka kama kwenye injini ndogo. Ukibadilisha puli ili urudishe paundi 6, ndipo hitaji la hewa linapopanda hadi ile 1.47, na hewa inayotoka inakuwa ya moto zaidi.

Mambo matatu usiyafanyie majadiliano:

*Kabureta iwe ya boti, si ya gari.* Zinafanana kwa macho. Ya boti imetengenezwa ili mafuta yakifurika yaingie ndani ya injini. Ya gari humwaga nje. Barabarani hewa inaubeba mvuke. Ndani ya tumbo la boti unabaki palepale, ukisubiri swichi.

*Jua kabureta iko upande gani wa supachaja.* Ikiwa juu yake, inavuta hewa ya kawaida, kazi ni rahisi. Ikiwa mbele, ikipulizwa, lazima iwe imezibwa kila mahali, na mgandamizo wa mafuta uzidi wa hewa kwa paundi 5 au 6 wakati wote, la sivyo hewa itayarudisha mafuta tangini na mchanganyiko utakauka boti ikiwa kwenye kasi yake kubwa.

*Linganisha vipimo vya aina moja.* Kabureta za makoo mawili na za makoo manne hazipimwi kwa mvuto mmoja. Namba ya makoo mawili igawe kwa 1.41 ndipo uilinganishe na ya makoo manne. Ile iliyoandikwa 500 ya makoo mawili ni kama 355 tu.

Orodha ya kukagua kabla ya kutoka

☐ Mafuta mapya, oili imepimwa kwa chupa yenye alama
☐ Kompresheni za silinda hazipishani kwa zaidi ya asilimia 10
☐ Kabureta haitemi petroli mdomoni
☐ Resi zinafika kipimo cha kitabu, boti ikiwa na mzigo
☐ Plagi kahawia baada ya mbio za asubuhi
☐ Jeti ya zamani imehifadhiwa

Hiyo ya mwisho niieleze. Injini za ziwa huuzwa na kushuka tena pwani, Kilwa, Bagamoyo, Unguja. Injini iliyopunguziwa jeti kwa hewa yetu, ikifika kule kwenye hewa nzito, itapungukiwa mafuta na inaweza kuunguza pistoni. Funga jeti ya zamani kwenye kipande cha nailoni, ining'inize ndani ya kava la injini, na kwa rangi isiyofutika andika kwenye kava: JETI YA MWANZA, namba ya jeti iliyomo kwenye kabureta, na tarehe uliyoifunga.